Enrique Jorrín: Mpiga fidla aliyetunga muziki akitazama miguu ya watu

Hii hali unaijua. Umejipata kwenye usiku wa salsa hapa Nairobi kwa sababu rafiki yako alikuburura, sakafu imejaa watu wanaozunguka kama pia, na wewe umejibanza ukutani na soda yako. Mtu anakunyooshea mkono. Unaingia. Sekunde kumi baadaye umeshamkanyaga kidole, umeomba msamaha mara tatu, na unarudi ukutani ukijiambia kwamba wewe na densi ni mbingu na ardhi.

Basi leo nakuletea jamaa ambaye angekutetea. Anaitwa Enrique Jorrín, mpiga fidla na mtunzi kutoka Kuba, aliyefariki 1987. Aliwatazama watu kama wewe, waliokuwa wakipotea katikati ya sakafu, na badala ya kuwacheka akaenda kuurekebisha muziki. Kilichotokea baada ya hapo ndicho dunia inakiita cha-cha-chá. (Na hapana, si Chacha yule jirani yako Mkuria. Utani huo nimeusikia sana, umeshachacha.)

Jorrín alizaliwa Candelaria, mji mdogo ambao wakati huo ulikuwa katika mkoa wa Pinar del Río, magharibi mwa Kuba, siku ya Krismasi 1926. Akiwa bado mdogo familia yake ikahamia Havana, mtaa wa El Cerro. Kufikia miaka 12 hivi muziki ulikuwa umemshika, akachagua fidla, na baadaye akasomea konsavatori ya manispaa ya Havana. Kwa hivyo elewa kwamba huyu hakuwa mtu wa kubahatisha. Alisoma nota na kuziandika, na aliwahi kupiga fidla kwenye okestra ya muziki wa kitaaluma. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, lakini nawakubali sana watu wanaomaliza masomo kisha wanayapeleka mahali ambapo mhadhiri hangetarajia. Jorrín aliyapeleka kwenye kumbi za densi.

1941, akiwa kijana wa miaka 14 tu, aliingia bendi ya Hermanos Contreras iliyopiga danzón. Hapa lazima nikupe historia kidogo, vumilia.

Danzón ndiyo iliyokuwa densi ya Kuba. Watu husema ilizaliwa 1879 katika mji wa Matanzas, kwa mkono wa Miguel Faílde. Ni densi ya wawili wawili, ya heshima zake, watu wamevaa vizuri, mwendo wa polepole. Bendi iliyoipiga kwa wakati wa Jorrín iliitwa charanga: filimbi juu, fidla zinazoimba pamoja, piano, besi, ngoma, na kile kibuyu chenye mistari kinachokwaruzwa kwa kijiti, wao wakikiita güiro. Kama umewahi kusikia rekodi za kale za wapiga gitaa wetu wa Magharibi mwa Kenya, ambapo mtu mmoja yuko pembeni na chupa ya soda anashikilia mdundo, basi kazi ya kibuyu hicho umeshaielewa.

Sasa, mwisho wa miaka ya 1930, bendi ya Antonio Arcaño pale Havana ilikuwa na ndugu wawili, Orestes na Israel López. Huyo Israel ndiye baadaye alijulikana kama Cachao. Hawa ndugu waliishika danzón, wakaichukua ile sehemu ya mwisho, na kuitia moto. Wakaita mambo. Neno hilo wataalamu wengi hulihusisha na lugha za Kongo, zilizovuka bahari pamoja na watu waliouzwa utumwani. Kwa hivyo kila unaposema mambo na mtu akajibu poa, mko karibu na Havana kuliko mnavyodhani.

Jorrín alipiga fidla katika bendi hiyo hiyo ya Arcaño. Yaani aliuona muziki huu ukipikwa akiwa ndani ya jiko lenyewe. Na baadaye katika miaka hiyo ya 1940 akahamia Orquesta América, bendi iliyoongozwa na mwimbaji Ninón Mondéjar. Shika jina hilo, litarudi na kesi.

Ukiwa mwanamuziki jukwaani, una kiti ambacho wacheza densi hawana. Unawaona wote kwa pamoja. Wengi hutumia nafasi hiyo kutafuta warembo. Jorrín alitazama miguu. Usiku baada ya usiku, aliona kitu kimoja: sehemu ya mwanzo ya danzón ikipigwa, watu wako sawa. Ikifika ile sehemu ya mambo, wachache wanawaka, na walio wengi wanaanza kuhangaika. Wanatafuta mguu uende wapi, wanachelewa, wanakimbilia, wanapotezana.

Tatizo lilikuwa wapi? Hebu weka simu chini, piga makofi manne, ukihesabu moja, mbili, tatu, nne, kisha urudie. Moja ndiyo nzito. Ndiyo mwili wako unaisubiri hata kama hukuwahi kusoma muziki, ndiyo kichwa huanguka kwayo ukiwa ndani ya matatu yenye spika kubwa. Mbili na nne ni nyepesi. Katika ile mambo ya danzón, mguu wa mchezaji ulitakiwa kuanguka kwenye nyepesi, mbili na nne. Hilo peke yake linawezekana, maana kuna kitu cha kushikilia, ile moja. Shida ni kwamba melodi nayo ilikuwa imejaa sinkopa, yaani mkazo unaowekwa pale usipoutarajia, ukikwepa kwepa zile nzito. Mguu uko hewani, melodi nayo iko hewani. Ni kama kudandia gari linalotembea huku nalo linayumba.

Mtu mwenye kiburi angesema wajifunze. Hiyo ndiyo tabia ya wanamuziki wengi hadi leo, ukishindwa kucheza ngoma yao wanakuona mshamba. Jorrín aliamua kwamba ikiwa watu walio wengi ukumbini hawapati pa kukanyaga, tunzi ndiyo ina kasoro. Akaanza kuandika melodi zenye sinkopa kidogo kadiri ilivyowezekana, melodi ambazo hata ukizipigia filimbi tupu bila ngoma yoyote, mtu angejua pa kuweka mguu. Na ule mkazo ambao mambo iliuweka kwenye pigo la nne, yeye akausogeza, akauweka kwenye moja. Ni hatua ndogo sana kwenye karatasi ya nota, kitu ambacho ungekiandika kwa dakika moja. Lakini ilimrudishia mchezaji sakafu.

Hakuamka asubuhi moja akiwa nayo. Ilichukua miaka, na sehemu kubwa yake ni majaribio ya mbele ya watu. Aliingiza viitikio vifupi katika danzón zake, wanabendi wenyewe wakiimba. Watu wakapenda, wakaanza kuitikia. Akaomba wanabendi wote waimbe sauti moja, bila kugawanya. Faida ya kwanza, maneno yalisikika. Ya pili, sauti ilipata nguvu. Ya tatu naipenda zaidi: iliwaficha wanabendi wenyewe, ambao kwa kweli hawakuwa waimbaji. Ukijificha kwenye kundi, nani atajua unayeimba vibaya ni wewe? Hata hapo aliwafikiria wasiojua.

1948 alichukua wimbo wa Meksiko uitwao Nunca, wa Guty Cárdenas. Sehemu ya kwanza akaiacha ilivyo, ya pili akaigeuza mwendo. Iliyogeuzwa ikampendeza hadi akaamua kwamba ile sehemu ya mwisho ya danzón, iliyokuwa mkia tu, inaweza kusimama peke yake kama wimbo kamili.

Orquesta América ilikuwa ikipiga kwenye ukumbi ulioitwa Silver Star pale Havana. Huko ndiko miguu ilijibu. Wacheza densi walipopata muziki unaowangoja, walianza kuwa na nafasi ya kucheza nao. Kwenye ule mwisho wa mzunguko, badala ya hatua moja, wakajaza hatua tatu za haraka haraka, wakiburuza viatu. Viatu vikakwaruza sakafu: cha, cha, chá. Jorrín akasikia sauti hiyo, na hilo likawa jina. Kwa hivyo hukulipata jina hili kutoka kwa kampuni ya santuri wala kwa profesa. Lilitoka kwenye soli za viatu vya watu ambao hakuna aliyeandika majina yao.

Sasa acha nikuonyeshe jinsi ya kuisikia, kwa sababu ukishaisikia hutaweza kutoisikia. Mzunguko mmoja una mapigo manne, lakini hatua ni tano. Hatua mbili zinachukua pigo zima kila moja. Halafu zinakuja zile tatu: mbili za kwanza zinagawana pigo moja nusu kwa nusu, na ya tatu inachukua pigo zima. Jumlisha, ni manne. Na kwa sababu tano ni namba witiri, kila mzunguko mpya unaanza na mguu mwingine, kwanza kushoto, kisha kulia. Ndiyo maana wale mnaowatazama wanaenda mbele na kurudi nyuma kama pendulamu bila kugongana.

Wakuba huhesabu mbili, tatu, nne-na, moja. Yaani cha ya kwanza na ya pili ziko ndani ya nne, na ile ya tatu, yenye uzito, inatua kwenye moja. Moja ile ile ambayo Jorrín aliuhamishia mkazo. Mguu na melodi vinafika nyumbani pamoja.

Na bendi inakupa ishara kila mahali, ni vile tu hukuambiwa. Sikiliza kibuyu: kinakwaruza ndefu, fupi fupi, ndefu, fupi fupi. Zile fupi fupi za mwisho pamoja na ndefu inayofuata, hizo ndizo cha-cha-chá zako, zimeandikwa hapo. Sikiliza ngoma ndefu ya mkono, konga: karibu na mwisho wa mzunguko inatoa milio miwili ya wazi, pu-pu, kisha unaanguka kwenye moja. Kengele nayo inagonga kila pigo, tuli, kama saa ya ukutani. Ukipotea, acha kutazama miguu ya mwenzako. Simama sehemu moja, tikisa magoti na kengele, ngoja pu-pu, uingie. Kwenye mashindano ya leo cha-cha-chá huchezwa mapigo 120 hivi kwa dakika, yaani mawili kwa sekunde. Si mbio. Ni mwendo wa mtu anayetembea haraka kidogo Tom Mboya akiwa amechelewa kazini.

Wimbo uliovunja mlango ni La Engañadora, maana yake mwanamke mlaghai. Orquesta América iliurekodi 1953 kwa kampuni ya Panart, upande wa pili ukiwa na wimbo uliopewa jina la ukumbi wenyewe, Silver Star. Hadithi yake ungedhani imeandikwa jana. Kuna binti anayepita makutano ya Prado na Neptuno, Havana, mwenye umbo la kuwavunja wanaume shingo. Mji mzima unamtazama. Halafu ikajulikana kwamba umbo lile ni vitambaa vya kujazia. Wakaacha kumtazama. Filta za 1953, manze. Mimi nahisi binti alionewa kidogo, maana hakumwomba mtu amtazame, lakini huo ni mjadala wa siku nyingine. Santuri ile ilivuma Kuba nzima, na ndani ya miaka miwili kila charanga ilitaka cha-cha-chá zake.

Na hapo ndipo pesa na jina viliingia, na ukijua muziki wetu wa Afrika Mashariki, unajua kinachofuata. Ni nani mwenye kitu? Ninón Mondéjar alikuwa kiongozi wa bendi, na alidai mtindo huu ni wa kwake na wa Orquesta América. Jorrín alikuwa mtunzi. 1954 waliachana, Jorrín akaunda okestra yake mwenyewe. Alienda Meksiko na kuishi huko hadi 1958, na ugomvi wa nani baba wa mtoto ulidumu miaka na miaka. Leo vitabu vingi vinampa Jorrín, na mimi niko upande wa vitabu, kwa sababu alieleza alichokibadilisha hadi kwenye pigo lenyewe. Hata hivyo Mondéjar hakuwa kupe. Bila bendi iliyokubali kuimba sauti moja, na bila ukumbi wa kujaribia, nota zingebaki kwenye karatasi.

Cha-cha-chá yenyewe haikungoja hukumu. Mwalimu wa densi kutoka London, aliyejulikana kama Monsieur Pierre, alisafiri Kuba mapema miaka ya 1950, akatazama Wakuba wanavyoanza kwenye mbili, akarudi Uingereza kuifundisha hivyo. Ndiyo inayochezwa kwenye mashindano hadi leo. Marekani nako ikapendwa kama wazimu, ila walimu wengi wakairahisisha, wakaanza kwenye moja: moja, mbili, tatu-na-nne. Ukihesabu hivyo unacheza bila shida, hakuna polisi atakayekukamata, lakini ile cha ya mwisho haitui tena kwenye moja. Unakuwa umefika kabla ya muziki. Ukimpata mwenzako mmoja amejifunza Kiamerika na mwingine Kikuba, hapo ndipo vidole hukanyagwa, na kila mmoja anaapa mwenzake hajui densi. Kabla hujaingia sakafuni muulize anaanzia wapi, ni swali la sekunde mbili. 1962 hivi Tito Puente akatoa Oye Como Va, ambayo ni cha-cha-chá tupu, na 1970 Santana akaipa gitaa la umeme. Hiyo najua umeisikia hata kama hukujua inachezwaje.

Afrika ilikuwa imeshazoea sauti za Kuba kitambo, kupitia mfululizo wa santuri uliojulikana kwa herufi G.V., ambao uliwafundisha Wakongo rumba waliyoigeuza kuwa yao. Kwa hivyo cha-cha-chá ilipofika ilikuta mlango wazi. Januari 1960, wanasiasa wa Kongo walipokuwa Brussels kujadili uhuru na Wabelgiji, bendi ya African Jazz ya Joseph Kabasele ilikuwa nao mjini, ikatoa Indépendance Cha Cha. Redio zikaipiga bara zima, kwenye nchi ambazo bendera zake zilikuwa bado hazijashonwa. Mwaka uliofuata, kule ambako sasa ni Zambia, chama cha Kenneth Kaunda kiliendesha kampeni ya kuwagomea wakoloni, na kampeni yenyewe ikaitwa Cha-cha-cha. Sauti ya viatu vya Silver Star, chini ya miaka kumi baadaye, ilikuwa jina la kumfanya mkoloni acheze asipotaka. 1964 Jorrín mwenyewe akaja na okestra yake kuzuru Afrika na Ulaya.

Baada ya hapo umaarufu wa dunia ulihamia kwingine. Wamarekani wakapata mitindo mingine, na jina salsa likameza nusu ya muziki wa Kuba. Jorrín hakukimbizana nao. Alibaki Havana, akatunga, akapiga, na 1974 akaipanga upya charanga yake, akiwa na mwimbaji Tito Gómez. Pianoni alikaa mzee mmoja mpole, Rubén González, aliyekuwa kwenye okestra hiyo kwa karibu miaka 25.

Jorrín alifariki Havana tarehe 12 Desemba 1987, siku 13 kabla ya kutimiza miaka 61. González alistaafu, na ungedhani habari imeishia hapo. Halafu 1996 watu wakaja Havana kurekodi wazee, wakamketisha kwenye piano, na mwaka uliofuata albamu ya Buena Vista Social Club ikatoka na kuuza mamilioni. Itafute usiku wa leo, uweke sikio kwenye vidole vya huyo mzee. Robo karne alikuwa kazini na Jorrín, akiwapigia watu wanaotafuta pa kukanyaga.